Picha ya Mwisho ya Shimwa

Maiti ya Shimwa ilikutwa imebanwa na boriti, vumbi limemfunika hadi kope. Dari ya nyumba ile kongwe ya udongo, katika mtaa wa Nyamirambo, ilikuwa imeporomoka. Askari wa kwanza kufika waliona ni ajali.

Inspekta Kabagwira hakuona hivyo. Simu ya marehemu haikuwepo, na daktari alisema binti huyo hakufa papo hapo. Alikuwa hai kwa muda chini ya boriti ile.

Ariane, aliyefanya kazi na Shimwa, alieleza kwamba wao wawili walikuwa wakipiga picha za nyumba za zamani na kuzibandika kwenye ramani ya mtandaoni, ili watu wazijue na kuzitetea kabla hazijabomolewa. Nyumba hii ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

"Picha alizipandisha mwenyewe?" aliuliza Kabagwira.

"Hapana, Afande. Akishapiga tu, simu inazipeleka kwenye ramani."

Wakaifungua. Kabagwira akaikuza picha ya mwisho. Boriti ilikuwa bado juu, lakini imekatwa kwa msumeno, imebaki kidogo tu kuachia. Pembeni palisimama ngazi ya chuma yenye mistari myekundu.

Sasa ngazi haikuwemo ndani ya nyumba. Kuna mtu aliyeingia baada ya dari kuanguka, akaiondoa.

Mwenye nyumba, mama mzee Mugeni, alikuwa kwa jirani, hajui aanze kulia wapi. Alisema siku ile alikwenda Gitega kumwona mgonjwa kwa kuwa mwanawe, Kalisa, alimsihi sana aende. Kalisa alikuwa fundi ujenzi Kinyinya.

"Amekuwa akitaka uhame?"

"Tangu zamani. Lakini watu wanatoka mbali kuja kuiona nyumba yangu, mwanangu. Ningehamaje?"

Kinyinya, ngazi zote za mahali pa ujenzi zilikuwa na mistari myekundu. Msimamizi alisema Kalisa aliazima moja.

Kituoni, Kalisa alikana kila kitu hadi alipowekewa picha mezani. Kisha akaeleza. Mvua zilikuwa zimepasua ukuta wa chumba cha mama yake, na kila ziliponyesha yeye hakupata usingizi. Alimwomba ahame, mama akamwonyesha sifa walizoandika watu chini ya picha za Shimwa. Akaona dari ikianguka mama hayupo, atakubali. Alikata boriti, akatoka kutafuta kamba ya kuivutia. Aliporudi, boriti ilikuwa imeshaachia yenyewe na vumbi limetanda.

"Shimwa alikuwa ameshakufa?"

"Hapana. Aliniita kwa jina."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua simu yake na ngazi. Niliogopa, Afande. Ningeita watu, mama angejua ni mimi niliyeiangusha nyumba ya baba."

"Naye akiwa bado anakuita?"

Kalisa aliinamisha kichwa.

"Bado. Nikafunga mlango."