Paa Lililoonekana Kutoka Kitandani

Kila asubuhi mshonaji alianza na mumewe kabla ya cherehani. Alimgeuza ubavu taratibu. Alimfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta pale ngozi ilipoanza kuwa nyekundu. Kisha alimlaza tena, mto mmoja chini ya magoti. Mumewe alikuwa fundi wa mapaa. Miguu ile ilizoea kutembea juu ya nyumba za watu. Tangu alipoanguka, ilikuwa imelala tu kama mizigo ya mtu mwingine.

Cherehani alikuwa ameihamishia chumbani, chini ya dirisha, ili ashone huku akimwangalia. Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito. Chumba kilikuwa na giza ingawa ilikuwa mchana.

"Mke wangu."

"Niko hapa."

"Ni kweli shemeji anapanda lile paa la ghala kesho?"

Mshonaji aliinua mguu kutoka kwenye pedali. "Ndiyo. Mwenye ghala amemwambia amalizie pale ulipoachia."

Fundi aligeuza uso ukutani. "Mimi sikuteleza. Ile mbao ya ukingoni, upande wa nyuma, imeoza. Ilikatika chini ya mguu wangu. Shemeji akiikanyaga, tafuta kitanda cha pili ukiweke hapa."

Mshonaji aliinamia mshono wake. Watu wote walisema fundi aliteleza kwa haraka zake. Mwenye ghala alisema hivyo. Hata shemeji, mume wa dada yake fundi, alisema hivyo, ingawa alisema kwa sauti ya chini. Na nani angehakikisha? Ndani ya ghala kuna dari, huoni mbao hata moja. Na ngazi ya kupandia kuangalia huegemea mbao hiyohiyo.

Mchana shemeji alikuja kumjulia hali. Naye ni fundi wa mapaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akitazama kila kitu isipokuwa miguu.

"Unaendeleaje, shemeji?"

"Ndiyo hivi, naihesabu mistari ya dari. Ile droni yako iko wapi?"

"Ile takataka? Iko juu ya kabati. Niliinunua ili nione mapaa kabla ya kupanda. Kuruka inaruka, lakini kamera yake kipofu. Ukungu mtupu."

"Ilete. Muirushe juu ya ghala, mnirekodie video. Nikiona mbao ni nzima, panda, na mimi nitanyamaza."

"Na picha isipotoka?"

"Basi usipande."

Shemeji alishusha pumzi. "Isipotoka nitapanda kesho asubuhi, shemeji. Nimeshatoa neno langu."

Droni ilikuwa ndogo, haizidi sahani ya kulia chakula. Ilikuwa na mapanga manne, yale yanayozunguka kama ya feni, na kamera ndogo usoni. Shemeji alipokwenda kuchaji betri, mshonaji aliifuta vumbi. Kisha akafanya alichozoea kufanya kwa kitu chochote kinachozunguka. Alichukua kopo la mafuta ya cherehani, akadondosha tone kwenye shina la kila panga.

Waliirusha uani. Kwanza simu ya shemeji ilionyesha weusi mtupu. Alipohangaika na simu sana, picha ikatokea, lakini nyeupe, kama mtu anayetazama kupitia mvuke wa sufuria.

"Si nilikwambia?" shemeji alisema. "Kipofu."

Mshonaji aliinuka. Alifunga kitambaa kichwani, akavuka barabara hadi kwa Mama Picha. Huyo alikuwa jirani yao. Alikuwa na studio, na kwenye harusi alipiga picha kwa droni pia. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga studio, akaja na kimfuko chake.

Aliigeuza droni mkononi, akanusa vidole vyake.

"Nani kaipaka mafuta?"

"Mimi. Kama cherehani."

"Ee mwanangu! Hii haitaki mafuta. Mapanga yakizunguka yanayarusha, yanatua kwenye kioo cha kamera. Ndiyo maana unaona maziwa."

Mshonaji alikamata upindo wa gauni lake ili afute. Mama Picha akamzuia mkono.

"Acha hilo gauni. Lina vumbi, na vumbi linakwaruza kioo. Tumia kitambaa laini, kikavu, kama cha miwani."

Alifuta mafuta yote, kwenye kioo na kwenye mashina. Lakini kioo bado hakikung'aa. Alikisogeza jichoni, akachokonoa kwa ukucha. Ngozi nyembamba ya nailoni ikabanduka.

"Na hii?"

Shemeji alikohoa. "Hiyo si ya kulinda kioo?"

"Inalinda ndani ya boksi! Ukitaka kuruka, unaitoa."

"Msamehe," mshonaji alisema. "Kwake hata viti vya sebuleni bado viko ndani ya nailoni. Mgeni akiinuka, kiti kinainuka naye."

Kutoka dirishani walisikia fundi akicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu.

Mama Picha akaomba simu. "Sasa ule weusi. Droni hii ina Wi-Fi yake. Simu lazima iunganishwe na hiyo, siyo nyingine. Na zima data, maana simu zingine zinaiacha droni na kukimbilia intaneti. Programu ilipokuomba ruhusa, ulijibu nini?"

"Nilikataa zote. Niliogopa matapeli."

"Kuogopa si vibaya. Lakini ukiinyima ruhusa ya kuhifadhi video, itazihifadhi wapi? Ingia kwenye mipangilio ya simu, uiruhusu."

Waliirusha tena. Safari hii waliona ua wote: kamba ya nguo, ndoo, hata mshono wa kitambaa cha mshonaji. Lakini picha ilicheza kama maji kwenye beseni.

"Ishushe," Mama Picha alisema. "Huo mtetemeko unatoka kwenye mapanga, siyo kwenye kamera."

Alizima droni kwanza, ndipo akapitisha kidole kwenye kila panga. La tatu lilikuwa na ufa. Kwenye boksi kulikuwa na ya akiba. "Tazama herufi. Penye A weka A, penye B weka B. Ukichanganya, haitaruka sawasawa." Alikaza skrubu. Kisha akainamisha kamera kwa kidole. "Hii haiinami yenyewe ikiwa angani. Iinamishe hapa chini, la sivyo utarekodi mawingu."

Walirekodi ua kwa kujaribu. Droni ilipotua, shemeji akaing'oa betri mara moja. Wakaitafuta video. Haikuwapo.

"Umeua video kabla haijazaliwa," Mama Picha alisema. "Bonyeza alama ya kusimamisha kurekodi. Subiri ijifunge. Ndipo uzime, ndipo utoe betri."

Shemeji alitazama juu. Betri ya pili ilikuwa ndiyo ya mwisho yenye chaji, na mawingu yalikuwa yameshuka.

"Twendeni," mshonaji alisema, "kabla ya mvua."

Mwenye ghala aliwaruhusu kurusha, huku akitikisa kichwa. "Mnatafuta nini huko? Mtu aliteleza." Mama Picha aliwaomba wapakuzi wa mizigo wasogee, droni isije ikamwangukia mtu. Upepo ulikuwa mdogo. Shemeji akairusha, akaipeleka upande wa nyuma, na picha ikaganda.

"Imekufa!" alisema.

"Haijafa. Umeweka ukuta mzima kati ya simu na droni. Usiibonyezebonyeze. Zunguka, uione kwa macho yako."

Walizunguka mbio juu ya matope. Picha ikaamka. Pale ambapo fundi alikuwa amebandua mabati ya zamani, mbao zilionekana wazi. Shemeji aliipitisha droni polepole ukingoni. Tone la kwanza la mvua likatua kwenye kioo cha simu.

"Ishushe," Mama Picha alisema. "Maji yakiingia, basi."

Droni ilitua. Shemeji akapeleka mkono kwenye betri. Mshonaji akaudaka mkono huo kwa mikono yake miwili.

"Simamisha kwanza!"

Shemeji alibonyeza. Wakangoja, mvua ikiwalowesha, mpaka video ikajifunga.

Chumbani, mshonaji alimwinulia mumewe kichwa kwa mkono wake, shemeji akashika simu mbele yake. Fundi alitazama bila kupepesa.

"Hapo."

Mbao ya ukingoni ilikuwa nyeusi, imelika kama mkate uliokaa majini. Katikati ilikuwa imevunjika. Mbili za jirani yake zilikuwa na weusi uleule. Shemeji aliketi sakafuni.

"Hukuteleza," alisema. "Na mimi niliwaambia watu uliteleza."

Mshonaji alimtazama mumewe, akitegemea uso wake utafunguka. Haukufunguka.

"Rudisha nyuma kidogo," fundi alisema. "Simamisha hapo. Mnaona ile kamba?"

Waliiona. Ilining'inia kwenye mbao nzima ya katikati, imekunjwa vizuri, haijafunguliwa.

"Ni yangu. Nilipanda nayo. Nikasema, hii kazi ndogo, nitaifunga kiunoni baadaye. Mbao iliniangusha. Kamba ingenishika."

Mvua ilipiga bati. Mshonaji aliendelea kukishika kichwa cha mumewe mpaka mkono wake ukafa ganzi.

Asubuhi iliyofuata shemeji hakupanda. Alimpelekea mwenye ghala video. Mwenye ghala aliitazama mara mbili, kisha akaagiza mbao mpya. Walijenga jukwaa imara kutoka chini, wakang'oa zote zilizooza. Siku hizi shemeji hakanyagi paa lolote la zamani kabla droni haijalipitia, kioo kimefutwa na mapanga yamekaguliwa. Hata mafundi wengine humwita awatazamie.

Jioni ile kazi ya ghala ilipokwisha, mshonaji alisikia viatu vizito vikipanda ngazi za mlangoni. Miguu miwili, inatembea. Alifurahi, na furaha hiyo ikamchoma.

Shemeji aliingia akaketi ukingoni mwa kitanda. Safari hii aliitazama miguu.

"Tumemaliza," alisema.

"Kamba?" fundi aliuliza.

Shemeji alipandisha shati. Kuzunguka kiuno chake kulikuwa na alama nyekundu, pana kama mkanda. "Imenibana kutwa nzima. Hata kuinama ilikuwa shida."

Fundi alinyoosha mkono, akaigusa alama ile kwa ncha za vidole, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Iache ikubane," alisema.