Tumbo la Arlyn Mwezi Ulipokua

Sisi wategaji kaa wa Talangban hatuuzi kaa mwezi ukiwa mkubwa. Kaa wa mwezi mpevu ni gamba tupu. Ukimbonyeza tumboni, kidole kinazama. Aliyenona ni kaa wa siku za giza. Kwa hiyo jioni ile, mwezi mchanga wa siku tatu ukilifuata jua kuzama, mimi na mke wangu Arlyn tulikuwa mbioni kufikisha matenga ya mwisho gatini.

Arlyn alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimwambia abaki nyumbani, akanicheka.

"Nibaki halafu wanunuzi wakuzunguke? Wewe Delfin ukisifiwa kidogo tu unagawa kaa bure."

Gatini alikuwa ameketi Lola Pasing, bibi kizee anayeishi peke yake ng'ambo ya mkondo. Watu walimwogopa kidogo, si sana. Alimtazama Arlyn, na maneno yakamponyoka.

"Tumbo zuri hilo. Limejaa vizuri."

Kwetu, ukimsifu mjamzito unalowanisha kidole gumba kwa mate na kumpaka tumboni, ili sifa yako isimgeukie ikawa ugonjwa. Kila mtu hufanya hivyo. Anayekataa ndiye tunayemshuku.

Lola Pasing alikataa.

"Nendeni tu, mwanangu."

"Mpake kwanza, Lola."

"Mimi simpaki mtu."

Watu wakaanza kugeuka. Damu ikanipanda.

"Kumbe unamtakia mabaya mke wangu? Basi sema hapa hapa, wote wakusikie!"

Macho yake yakalengwa na machozi. Akaninong'oneza, "Delfin... usinilazimishe."

Nikamshika mkono. Mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu. Nikakipeleka kidole chake mdomoni, kisha nikakisukuma tumboni kwa Arlyn. Mke wangu alishtuka, akasema mate yale ni ya baridi.

Siku ya saba ya mwezi, saa sita mchana, Arlyn alikuwa anapepeta mchele. Ghafla akaacha.

"Amenyamaza."

"Nani?"

"Mtoto. Tangu asubuhi alikuwa ananipiga mateke."

Tulingoja. Nje, juu ya mikoko, nusu ya mwezi ilikuwa imechomoza mchana kweupe, nyeupe kama nazi. Sikuitilia maanani. Tulikesha. Usiku wa manane mwezi ukazama...

Mtoto akapiga teke.

Kesho yake alinyamaza karibu saa saba. Keshokutwa yake, karibu saa nane. Sisi tunaofuata maji tunazijua saa za mwezi kuliko saa za ukutani. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa muda unaokaribia saa nzima. Mtoto wangu alikuwa anachelewa nao. Ukitoka, anakuwa kama hayupo. Ukizama, anarudi, na kila akirudi teke lake ni dhaifu zaidi.

Siku ya kumi, gauni lilimpwaya Arlyn. Mkunga wa zahanati alipima tumbo kwa utepe, akapima tena. "Labda wiki iliyopita nilikosea," akasema. Hakuwa amekosea.

Siku ya kumi na mbili, Arlyn aliniita kitandani, akanishika mkono.

"Bonyeza."

"Arlyn..."

"Bonyeza kama unavyobonyeza kaa."

Kidole kilizama.

Nililia mbele yake na sikuona haya. Tulikuwa tumesali rozari hadi sauti zikakauka. "Fanya kitu, Delfin," alisema. "Chochote."

Siku ya kumi na nne nilivuka mkondo saa kumi na moja jioni. Mwezi mpevu ungechomoza saa kumi na mbili, jua likizama. Lola Pasing alikuwa ameketi ndani, amejifunga kitambaa mdomoni. Nyumba ilinuka manyoya mabichi.

"Umechelewa," akasema.

"Yaondoe mate yako, Lola. Nakupigia magoti."

"Miaka arobaini mate yangu hayakumgusa mtu. Nakula peke yangu, nalala peke yangu. Ukaja wewe na ubabe wako." Alipumua kwa shida. "Hayaondoki. Yanafuata mwezi. Ukijaa, tumbo limekwisha."

"Basi nichukue mimi!"

Akakigusa kitambaa chake cha mdomoni.

"Kuna kitu ninacho. Nilipewa na mama yangu. Kikihama, mate yangu yanakuwa mate tu. Lakini atakayekipokea asikae na mke. Asikae na mtoto. Siku mbili za giza, mwezi usipoonekana kabisa, ndizo zake za kukaa nao. Umenielewa?"

"Nipe."

"Hujui unachoomba, mwanangu."

"Nipe!"

Nyuma ya mikoko anga likaanza kuwa la manjano.

Akafungua kitambaa.

"Fungua mdomo."

Kilikuwa kidogo. Chenye joto. Kilipita kooni mwangu kikipigapiga mbawa... Lola Pasing akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaegemea ukuta, akafa.

Kutoka ng'ambo nikamsikia Arlyn akipiga kelele.

"Anapiga! Delfin, anapiga mateke!"

Mwezi ulipopungua, tumbo likajaa. Binti yetu alizaliwa siku ya giza, mnene, tukamwita Salvacion. Mimi ninaishi huku, katika nyumba ya bibi. Arlyn anajua kila kitu. Kila mwezi ukifa wanavuka kuja, na kwa siku mbili mimi ni mume na baba. Tunakula wali pamoja. Nambeba binti yangu, nambusu, wala sijisikii vibaya hata kidogo. Siku nyingine zote nasikia njaa ambayo wali hauiondoi, na sisemi ni ya nini.

Juzi ilikuwa giza la tano. Kabla sijawafungulia mlango nilitoka nje kulikagua anga mara mbili. Hapakuwa na mwezi, hata ukucha wake. Arlyn akaniwekea Salvacion mapajani, akaenda kuchochea moto. Mtoto akanishika kidole, akacheka.

Nikasikia njaa.

Ile ile.

"Arlyn," nikaita polepole, nisimtishe mtoto. "Njoo umchukue."

Akajibu kutoka jikoni, kwa furaha, huku akikoroga chungu.

"Aa, mshike tu baba'ake. Leo si siku yako?"