Vizamia katika Figo ya Milembe

Kwenye ukuta wa chumba cha uchunguzi, figo ya Milembe ilionekana kubwa kama nyumba. Vizamia, mashine ndogo kuliko chembe ya vumbi, vilikuwa vikiogelea ndani ya mishipa yake na kurusha picha. Daktari Kalunde, aliyevibuni, alisimama mbele ya ukuta ule. Sehemu nzima ya figo ilikuwa imegeuka kijivu.

"Mwili unaikataa figo," ilitamka Mkaguzi, akili unde iliyosoma picha za vizamia katika kila hospitali ya Mwanza. "Anzisha dawa kali ya kuzima kinga."

Kalunde hakugusa kitufe. Milembe alizaliwa na selimundu. Ugonjwa huo ndio uliomharibia figo zake mbili, hata kaka yake, Lushinge, akampa moja ya kwake. Mgonjwa mwingine angepona kwa dawa ile. Seli za damu ya Milembe, zikipewa dawa ile, zingeweza kupinda kama mundu, zikwame mapafuni, zimuue kwa kukosa pumzi. Na kama kweli figo ilikuwa inakataliwa, kuchelewa kungeiua.

"Dokta, kuna nini?" Milembe aliuliza kutoka kitandani, uso umemvimba. "Niambie ukweli."

"Sijui bado. Mashine imeamua, ila mimi naogopa."

"Basi vitume tena hivyo vidude viangalie vizuri."

Kalunde akavituma. Milembe akapiga yowe, akashika tumbo upande wa kulia, pale figo ilipopandikizwa. Ukutani, kijivu kikatambaa mbele ya macho yao.

Kalunde alivisimamisha vizamia, akaagiza sindano ndefu ya kutolea kinofu cha figo, kazi ya kizamani ambayo mikono yake ilikuwa imeanza kuisahau.

Aliporudi nayo, Lushinge akamzuia mlangoni. "Ukimchoma, damu ikakataa kukatika?"

"Inaweza kutokea."

"Na usipomchoma?"

"Nitamtibu kwa kubahatisha, ndugu yangu."

Lushinge akamgeukia dada yake. Milembe alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Kalunde alimchoma huku akiomba kimoyomoyo. Damu ilitoka kidogo, ikakatika. Alipoweka kile kinofu chini ya hadubini, alitafuta chembe za kinga zilizovamia figo, asizione. Alichokiona ni mishipa iliyozibwa na seli zilizopinda, zimebanana, na katikati ya kila fundo kitu kikimetameta. Kizamia kimenasa. Seli za mviringo huviacha vipite, lakini hizi zilivikumbatia, zikasongamana, zikafunga njia. Kila alipovituma kutazama, ndivyo alivyozidi kuiziba figo.

"Mkaguzi," aliita, "kwa nini hukuviona?"

"Nimefundishwa kuvifuta vizamia kwenye kila picha, visimchanganye daktari."

Dawa ya kuzima kinga haikutolewa. Kalunde aliamuru Milembe abadilishiwe damu, iliyopinda itolewe taratibu na mahali pake iingie ya mtu mwenye afya, apewe maji na oksijeni, ili seli zilizobanana ziachiane na vizamia vipate njia. Kisha wakangoja. Lushinge alikaa pembeni ya kitanda akitazama mfuko wa mkojo, mtupu, saa baada ya saa. Mwishowe matone yakaanza kushuka. Lushinge aliinama, akalia kwa sauti.

Kalunde hakulia. Alikuwa amemkumbuka Ngasa, kijana mwenye selimundu aliyepandikizwa figo, akafariki mvua zilizopita. Picha zake zilionyesha kijivu kilekile, na Kalunde mwenyewe alimpa dawa ile kali. Maabara ilikuwa bado imehifadhi kinofu cha figo yake, kilichotolewa baada ya kifo na ambacho hakuna aliyekitazama. Akakitoa, akakiweka chini ya hadubini, akabaki amesimama akiogopa kuinama. Alipoinama, vizamia vilimeta, vingi mno.

Akapiga simu.

"Shikamoo, Mama Ngasa. Ni Daktari Kalunde."

"Marahaba, mwanangu!" Sauti ya yule mama ilikuwa na furaha ya kweli. "Siku zote tunakuombea. Ulihangaika sana na mtoto wetu."

Kalunde alivuta kiti, akaketi.

"Mama," alisema, "Ngasa hakuuawa na ugonjwa."