Watani wa Mheluka

Justa alitumwa kambale.

Ndiyo kazi pekee aliyokuwa amebakiwa nayo duniani. Shahada ya sosholojia, upper second, halafu kutumwa kambale wa kukausha jua likizama Ifakara. Cheti chenyewe kilikuwa ndani ya fremu, na fremu ilifunika ndoo ya maji mbu wasitage. At least hicho kilipata ajira.

Kaka yake Gasper aliajiriwa na uongo.

Walimaliza chuo pamoja, wakazunguka na bahasha za kaki pamoja, wakafungiwa mageti pamoja. Halafu siku moja, kwenye geto lake Mbagala, Gasper akajichora mistari mitatu ya dawa ya meno kutoka jichoni hadi kidevuni, akagonga malimba, akaimba maneno yasiyo na maana yoyote. Kulikuwa na Mzungu mwenye kamera. Gasper akamwambia yeye ni Mheluka. Kabila lililomezwa na mafuriko ya mto Kilombero. Amebaki peke yake. Mzungu akalia. Na Mzungu akilia, Bongo nzima inatafuta leso.

Waheluka hawapo. Hawajawahi kuwepo. Gasper ni Mndamba wa Idete, mtoto wa wakulima wa mpunga. Lakini nani anamlipia Mndamba wa Idete tiketi ya ndege?

Tatizo likawa mama. Mtu wa mwisho wa kabila hawezi kuwa na mama anayepeta mchele. Basi Gasper akamuua kwa mdomo. Akampangia mama yao, Agnella, nyumba yenye ukuta mrefu mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, Justa akawekwa amtunze, na amri ikawa moja: mama asionekane getini.

Mwezi uliopita, kwenye televisheni, mtangazaji akamuuliza swali ambalo Mtanzania yeyote angeuliza. "Na watani wenu ni akina nani?"

Gasper alikuwa hajajiandaa. Alijenga kabila zima akasahau watani! Akatazama chini, akapandisha pumzi kisanii. "Wako ng'ambo ya mto," akasema. "Mama yangu alipofariki hawakuja. Mpaka leo nawasubiri waje kumzika."

Studio nzima ikafuta machozi. Justa, kwenye kochi, alizima TV kwa hasira. Mama alikuwa pembeni yake anachambua dagaa. Akaokota dagaa mwingine.

Sasa Gasper alikuwa amekuja Ifakara na Teddy, meneja wake, dada wa mjini mwenye kucha ndefu na Kiingereza kirefu zaidi. Kesho walikuwa warekodi video mtoni. Leo mama alitaka kumpikia mwanawe kambale.

Kwenye meza ya Mwanamvua, muuza samaki, hapakuwa na samaki hata mmoja. Meza ililowa chapachapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Pole ya nini tena?"

"Ya mama yako."

Justa akacheka. "Mama ndiye kanituma!"

Mwanamvua akaweka kisu chini, taratibu. "Astaghfirullah... Watani zenu wametoka hapa sasa hivi. Wamebeba kambale wote na beseni langu. Nawadai hela, wanacheka. Wanasema mtani hanunui cha msibani."

"Watani gani? Wahehe?"

"Wahehe siwajui mimi? Wamenitania mpaka kwenye arobaini ya mume wangu." Akasogea, sauti ikashuka. "Hawa walikuwa wanachuruzika maji, Justa. Wameingia wanachuruzika, wametoka wanachuruzika. Kiangazi hiki! Na wanacheka... vinywa wazi, sauti hakuna."

Justa akatazama chini.

Nyayo. Tope bichi jeusi, la mbugani, lenye harufu ya matete yaliyooza. Zilivuka barabara. Zilielekea Viwanja Sitini.

Alikimbia.

Geti halikuwepo. Lilikuwa limeng'olewa pamoja na bawaba, limelazwa uani, juu yake umetandikwa mkeka. Kama machela ya kubebea maiti. Umeme ulikuwa umekatika, na uani, kwenye mwanga wa mwisho wa jua, kulijaa watu.

Wote walikuwa na mistari mitatu usoni.

Mmoja alishika kuku wa mama, akamchana katikati kwa mikono kama mtu anayechana kanga kuukuu. Manyoya na damu vikamrukia kifuani. Mwingine alitembea akichechemea, mkono kiunoni, akikohoa kikohozi cha mama hasa, kile kikavu cha alfajiri. Wenzake wakainama kwa kicheko kisicho na sauti. Wawili walichimba. Hawakuwa na jembe. Walichimba kwa vidole, kucha zikibanduka, nao wakaendelea.

Khrr... khrr... khrr...

Teddy alisimama barazani, simu juu. "Justa! Oh my God, mbona hamkuniambia? Hii ni content ya mwaka! Niko live tayari!"

"Teddy," Gasper akasema nyuma yake. Alikuwa amevaa shanga na ngozi ya maonyesho, akijaribia video ya kesho. "Hawa extras umewatoa wapi?"

"Mimi? Si umewaleta wewe?"

Gasper akatikisa kichwa.

Mmoja wa wachimbaji akageuka. Sasa Justa akaona. Ile mistari mitatu haikuwa rangi. Ilikuwa mikato. Mirefu, imefumuka, myeupe ndani kama samaki aliyelowa siku nyingi.

Bibi mmoja akajitenga na kundi. Nywele zilimganda kichwani, maji yakitiririka kutoka kwenye ncha zake. Alinuka mto. Akamsogelea Gasper mpaka pua kwa pua, akamwambia kitu kwa lugha ambayo Justa aliijua vizuri. Aliisikia redioni kila siku, kwenye nyimbo za kaka yake.

Gasper akashika nguzo ya baraza. "Maneno yale..." alinong'ona. "Niliyatunga bafuni, Justa. Hayana maana. Haki ya Mungu hayana maana."

"Kwetu yana maana," bibi akasema, sasa kwa Kiswahili. "Ulituita kwenye msiba. Tumekuja. Maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti, bibi..."

"Ulisema mama."

Mlango wa ndani ukavunjika, kraa! Wakamtoa mama Agnella juujuu, amezungushiwa shuka jeupe, pamba puani, pamba masikioni. Alikuwa anapigana. Mwanamke wa miaka sabini, mguu mbovu, lakini alimng'ata mmoja mkono hadi nyama ikabaki mdomoni.

"Niacheni, wapumbavu nyie! Mimi mzima! Gasper, waambie!"

"Maiti mkali," bibi akasema kwa upole, akimfuta shavu. "Wa kwetu wako hivyo. Wanaongea."

Wakamteremsha shimoni, wima, miguu kwanza.

Justa hakukumbuka alivyolifikia panga la kukatia kuni. Alilishusha kwenye bega la mwanamume aliyekuwa karibu. Likazama mpaka mfupa. Hakutoka damu. Yalitoka maji ya tope, na kasamaki kadogo kakaanguka kakirukaruka vumbini. Yule mtu akamtazama, akacheka kile kicheko cha kimya, kisha akampiga kofi moja. Meno mawili yakamtoka Justa yakifuatana.

"Mtani hakasirikiwi," akamwambia.

Justa akaona simu. Akaikimbilia, akapiga kelele kwenye kamera, damu ikimtoka mdomoni. "Huyu anaitwa Gasper! Ni Mndamba wa Idete! Na yule ni mama yetu, yuko hai, mnasikia? Hakuna Waheluka!"

Bibi akatikisa kichwa. "Wewe hukutuita, mwanangu. Aliyetuita aseme. Awaambie walewale aliowaambia."

Udongo ukaanza kumwagwa. Ukamfikia mama magotini.

Wote wakamgeukia Gasper.

Na Justa aliona. Hilo hatalisamehe mpaka aingie kaburini: macho ya kaka yake hayakwenda shimoni. Yalikwenda kwenye simu. Maelfu walikuwa wanaangalia. Mioyo myekundu ilipanda kwenye kioo kama mapovu.

"Gasper, don't," Teddy akanong'ona. "Tour ya Ulaya. Ukisema hilo tumeisha. Vumilia, hawa watu wataondoka tu..."

Mzee mmoja akamsogelea Teddy. Akafunika viganja vyake juu ya mikono miwili iliyoshika simu, kiungwana kabisa. Akakaza.

Kch.

Kch. Kch.

Teddy akapiga yowe ambalo mtaa mzima ulilisikia. Simu haikuanguka. Vidole vilikuwa vimevunjikia juu yake, vimeikumbatia. "Shika hivyohivyo," mzee akasema. "Wasikie."

Udongo ukafika kiunoni.

Gasper akafungua mdomo. Justa akashukuru Mungu.

Akaimba.

Aliimba Kiheluka, macho amefumba, ule wimbo wake mkubwa, uliolipia nyumba hii. Labda alidhani atawafurahisha. Labda ndicho kitu pekee alichobaki akijua kukifanya. Kundi likapokea wimbo. Wakaitikia kwa mpangilio kama kwaya ya kanisani, na mikono yao ikaongeza kasi, udongo ukaruka, ukafika kifuani, shingoni... Ulikuwa wimbo wa kufukia kaburi. Miaka yote ile alikuwa anawaimbia Wazungu wimbo wa kufukia kaburi.

"Gasper!" mama akaita. Sauti ilikuwa imebanwa na uzito. "Mwanangu... nilikukosea nini?"

Udongo ukamwingia mdomoni.

Hapo wimbo ukakatika. Gasper akaanguka kwa magoti, akamtambalia Teddy, akaivuta ile mikono iliyovunjika mpaka kamera ikawa usoni kwake.

"Mimi ni Gasper," akasema. Makamasi, machozi, vyote. "Gasper wa Idete. Mndamba. Kabila nililitunga mwenyewe. Yule ni mama yangu. Anaitwa Agnella. Hajafa. Nilimuua mimi kwa mdomo wangu, nisameheni, mtoeni, mtoeni!"

Mikono ikasimama yote kwa pamoja.

"Haya," bibi akasema. "Ndivyo msiba unavyofutwa."

Wakamtoa mama. Wakamtoa kwa adabu, wakamkung'uta udongo, wakamchomoa pamba moja moja. Wakampigia magoti wote. "Shikamoo, mama."

Mama alitapika tope. Akaitikia, maana ndivyo alivyolelewa. "Marahaba."

Justa akamvutia ukutani, akamkumbatia. Alidhani yameisha.

"Sasa," bibi akasema, "kaburi la watani halifukiwi tupu. Tumzike nani?"

Gasper akamtazama Justa. Justa akayaona macho hayo kwa kitambo kifupi, akajua kaka yake alikuwa anafikiria nini, naye Gasper akajua kwamba Justa amejua. Gasper akayaondoa macho. Akavua shanga, akavua ile ngozi ya maonyesho, akavitupa shimoni.

"Mzikeni Mheluka," akasema. "Mimi nimemalizana naye. Huyo hapo."

Bibi akachungulia shimoni. Akamrudia Gasper. Akamgusa kifua kwa kidole kimoja chenye maji.

"Hizo ni nguo. Mwenyewe yuko wapi?"

Alipigana. Tumpe haki yake, alipigana kama nguruwe pori. Walimvunja mkono wa kulia mahali pawili, mfupa ukatokeza, naye akaendelea kupiga teke. Mzee akamshika taya, akamchora kwa ukucha kutoka jichoni hadi kidevuni. Mara tatu. Kisha wakamteremsha, kichwa kwanza, wakifukia bila wimbo.

Justa aliona nyayo zake zikichezacheza juu ya udongo.

Kisha hazikucheza.

Walipita palipokuwa na geti, mmoja mmoja. Chwap... chwap... chwap... Wa mwisho alibeba beseni la Mwanamvua kichwani.

Majirani walikuja na majembe. Walichimba kama vichaa, Justa akiwa mbele, kwa mikono, na maji yakipanda toka chini, meusi, mahali ambapo kisima huchimbwa mpaka watu wakakata tamaa. Wakamshika miguu. Wakavuta.

Alikuwa anapumua.

"Gasper! Kaka!"

Akafumbua macho. Mikato mitatu ilikuwa wazi usoni, myeupe ndani. Akasema kitu kwa Kiheluka. Wakamuuliza kwa Kiswahili, kwa Kindamba, Justa akajaribu hata Kiingereza. Aliwatazama kama mtu anayesikiliza ng'ombe. Halafu mama akachechemea kutoka ukutani, akamnyooshea mikono.

Alipomwona mama, alipiga ukelele. Akarudi nyuma akijikokota. Akachota udongo kwa mkono mzima uliobaki, akamrushia mama miguuni, konzi moja, kama tunavyomrushia marehemu kabla hatujaondoka makaburini.

Kila mtu ana maelezo yake. Polisi walisema ni wahuni. Padre alisema ni pepo, akanyunyiza maji. Mtandaoni walisema ni kiki, acting kali, wapewe tuzo. Ile video imetazamwa kuliko nyimbo zake zote, na pale anapokiri, pale anaposema Gasper wa Idete, hakuna sauti. Kuna mlio wa maji tu.

Teddy alirudi baadaye na gari la kukodi, mikono yote miwili kwenye plasta. Hakushuka. "Anaimba vizuri kuliko zamani," alisema dirishani bila kumtazama Justa. "It's real now. Ulaya wanamsubiri." Na yule mtu akaingia garini mwenyewe, mkono kwenye kombeo, bila kuaga. Alikuwa hana wa kumuaga.

Justa hakumzuia. Alikuwa na jembe mkononi na hasira za kutosha, lakini umzuie nani? Kaka yake alishazikwa. Aliyeondoka ni mteja wa Teddy.

Mama alisimama pale palipokuwa na geti, wazi kabisa, barabara nzima ikimwona. Alilitazama vumbi la gari mpaka likatua.

"Justa," akasema. "Siku akifa huko, wataitwa akina nani wamzike?"

Justa akalibeba jembe begani. Alienda uani, akalifukia lile shimo mpaka giza likaingia. Akalishindilia kwa miguu, akaweka mawe juu.

Asubuhi lilikuwa wazi. Safi, kingo zimenyooshwa vizuri, mawe yamepangwa pembeni, kama wafanyavyo watani hodari maiti ikiwa bado iko njiani.