Niliyoyaandika Juu ya Wakana

"Soma hapo, Shunpei. Halafu uniambie huyu ni nani."

Wakana alinisukumizia simu. Tulikuwa kwenye mgahawa pale Tsuruhashi, Osaka, okonomiyaki, ile chapati nene ya kabichi, ikiiva kwenye bamba la chuma katikati yetu. Nikasoma kana kwamba sijawahi kuyaona maneno yale.

"Wakana hana ufundi wowote. Wanaume wanampisha kwa sababu ni msichana. Kabla ya nusu fainali alitapika chooni kwa woga, na bado wakamwachia ashinde."

"Watu wa mtandaoni hawana haya," nikasema. "Achana nao."

"Nani alijua kwamba nilitapika?"

"Labda kuna mtu alikusikia."

"Kwenye choo cha wanawake? Tulikuwa watu sitini, Shunpei, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu."

Nikajifanya nageuza chakula kwenye bamba.

"Nilimwambia mtu mmoja tu," akasema taratibu. "Wewe."

Gemu yetu ni ile ya mashujaa kutoka gemu mbalimbali wanaokutanishwa ulingoni; ukimrusha mwenzako nje ya skrini, umempiga. Mimi ndiye niliyemfundisha Wakana, sebuleni kwangu, tangu siku alipokuwa hajui hata kushika kontrola. Basi mwezi uliopita, kwenye nusu fainali, akanipiga tatu bila.

"Mwalimu kalambishwa sakafu!" ukumbi mzima ulinicheka.

Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikaingia kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni, kule ambako hakuna anayetumia jina lake, nikaandika. Kesho yake nikaandika tena.

"Umeandika mara ngapi?" Wakana akauliza.

"Ilikuwa hasira tu, mpenzi..."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu.

"Jumapili nilikaa kucheza na mtu, akaniuliza mbele za watu, 'Nikupishe, dada, au nicheze kweli?' Nikaja kwako nikalia. Na wewe ukanibembeleza, Shunpei. Ukanipikia na chai."

Akachukua koti lake, akaondoka. Nilibaki nikitazama chakula kikiungua, uso ukiniwaka kuliko lile bamba.

Jioni nikapata ujumbe: "Usinipigie. Usije kwangu."

Siku nne baadaye akanipigia simu Kurata, mwandaaji wa mashindano yetu ya kila wiki.

"Kuna nini kwa Wakana? Amejitoa kwenye mashindano ya Nagoya. Anasema hataki tena kuwa mzigo kwa watu."

"Bwana Kurata, Jumapili naomba maikrofoni kabla hatujaanza."

"Wewe si ndiye mtangazaji? Maikrofoni ni yako siku zote."

"Hapana. Safari hii naomba."

Jumapili mchana nikasimama mbele ya wale wale waliocheka. Kamera ilikuwa inarusha moja kwa moja.

"Yale maneno juu ya Wakana niliyaandika mimi," nikasema. "Yote. Alinipiga kihalali, nikashindwa kuvumilia. Hakuna aliyempisha."

Sauti ikatoka nyuma: "Shuka hapo, mwoga wewe!"

Nikainama kuomba radhi, kichwa mpaka kiunoni, nikakaa hivyo. Kurata akaja akaichukua maikrofoni mkononi mwangu.

"Mpaka mwaka uishe usikanyage hapa," akasema. Hakunitazama.

Nikapita katikati ya viti na begi langu. Hakuna aliyeniaga.

Wiki ikapita, kisha ujumbe wa Wakana: "Nimeona. Sijakusamehe. Nagoya naenda."

Nilimtazama akicheza huko kupitia simu, peke yangu. Alishika nafasi ya tano kati ya watu mia mbili. Nililia kama mtoto, na hata yale machozi niliyaonea aibu, maana sikuwa na haki nayo.

Kesho yake akanipigia.

"Njoo kituo cha treni cha Tennoji. Sasa hivi."

Nilimkuta amesimama kando ya mlango wa tiketi, macho yamechoka.

"Nina swali moja," akasema. "Jana kila nilipomshinda mtu nilijiuliza kama amenipisha. Hayo umenipandikiza wewe. Kwa hiyo nataka unijibu. Ile nusu fainali, ulinipisha?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Kwa mapenzi?"

"Nilicheza kwa nguvu zangu zote, Wakana. Nilitamani kushinda mpaka mikono ikafa ganzi. Ulinipiga."

"Sema tena."

"Ulinipiga."

"Kwa sauti."

"ULINIPIGA!"

Mama mmoja mwenye mikoba akageuka kututazama. Wakana akaziba mdomo kwa kiganja. Sikujua anacheka au analia.

"Sijakusamehe bado," akasema.

"Najua."

"Ila sijala tangu asubuhi. Utanisindikiza?"

Nikatembea naye, nyuma yake kidogo, nikishindwa kumtazama usoni. Tulipofika kwenye taa za barabarani akasimama, akaningoja nimfikie.