Kaburi la Pembeni ya Yaarub

Ijumaa ile nilikuwa jikoni nachambua mchele. Ilikuwa Disemba ya mwaka 1996, msimu ule mzuri ambao sisi watu wa Maskati tunakumbuka kwamba nyumba zetu zina madirisha, na ya nyumba yetu ya Hail yote yalikuwa wazi. Nikasikia pikapu la ami Amur linaingia uani, nikasikia mlango, sikusikia salamu. Alikuja moja kwa moja jikoni, mahali asipokaa siku zote, akavuta kiti akaniomba maji.

Ami Amur ni ndugu wa baba yangu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyetulea, mimi na ndugu yangu Muhanna, na alitufanya watoto wake wa kuwazaa, kwa sababu yeye hakujaaliwa kupata wa kwake. Alitoka Unguja mwaka sabini na moja, akaandikishwa jeshini, akapelekwa vitani Dhofar, kusini ya Oman, pamoja na rafiki yake Yaarub, mtoto wa mtaa mmoja naye. Yaarub aliuawa kule milimani. Ami alimbeba mgongoni siku mbili mpaka akamfikisha kwenye gari, akasafiri naye mpaka Maskati, na siku ya kumzika akamwahidi kwamba na yeye atakuja kulala pale pale pembeni yake. Tangu hapo haikumpita Ijumaa bila ya kwenda kumsalimia.

Makaburi yenyewe ni ya askari. Siyataji jina, maana bado nakaa mji huu. Nyuma yao jabali, mbele barabara kuu, ubavuni majumba ya watu, kwa hiyo hayana pa kukulia. Na chini ni mwamba mtupu, hapachimbiki kwa jembe. Ndiyo maana ikawa desturi kuleta mashine wakati wa baridi, wakachimba makaburi kadhaa kwa mpigo, wakachonga na mwanandani kabisa, ule uvungu wa chini wa kumlazia maiti, kisha wakayafukia kwa mchanga laini yangoje wenyewe. Desturi nzuri tu hiyo. Juu huachwa patupu, hapawekwi jiwe, ili kila mtu ajue hapo bado hajalala mtu.

Basi nafasi zilipobaki kumi na kitu, wakubwa wa kamati ya maziko wakaanza kujiwekea. Wanainua tuta, wanaweka jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, mawili, kama anavyowekewa mwanamume yeyote kwetu. Ukipita unamwombea rehema maskini wa Mungu. Kumbe humo hamna mtu! Mwenyewe yuko ofisini kwake Al Khuwair, miguu juu ya meza, anakunywa kahawa. Nnakwambieni, mtu mzima na ndevu zake anajifanya maiti ili asikose kiwanja. Na askari waliomwaga damu wanaambiwa hakuna nafasi, wapelekwe makaburi mapya huko jangwani, mwendo wa saa nzima kwa gari.

Ami alimaliza maji akaniambia kwamba pembeni ya Yaarub pameinuliwa tuta. Alimuuliza Saeed, mlinzi wa makaburi, kafa nani, na Saeed akatazama kushoto na kulia kabla ya kumnong'oneza kwamba humo ni mchanga mtupu, tuta ni la mkubwa mmoja wa kamati. Nikadhani hilo ndilo lililomtia weupe usoni. Nikaanza kumpoza. Akanishika mkono.

"Mahfoudha," alisema kwa sauti ya chini, "nimewatolea salamu maiti, wameitikia."

Nikamuuliza nani kaitikia, Yaarub?

"La. Upande wa yale matupu. Na hawakuwa mmoja."

Nikauweka ungo wa mchele chini. Ami hakuwa mtu wa hadithi.

Sasa, karani wa kamati ile, mwenye ramani ya makaburi mkononi, alikuwa ndugu yangu Muhanna. Kazi hiyo ami ndiye aliyemtafutia, kwa kugonga milango ya wanajeshi wenzake. Siku ya pili ami akamfuata ofisini, akamwambia anaumwa, daktari keshampa habari yake, naye anataka jambo moja tu duniani, alazwe karibu na Yaarub. Muhanna akamwapia kwamba pamejaa. Akamsifia makaburi mapya, ati yana hewa na miti. Wallahi hakuna hata mti mmoja kule.

Nikaenda mimi. Nikamuuliza lile tuta pembeni ya Yaarub ni la nani. Akasema la marehemu. Marehemu gani? Akafungua faili akalifunga. Nilijua kwa nini. Mkubwa mwenye tuta lile ndiye aliyemwahidi kumpandisha awe mkuu wa idara, na Muhanna alikuwa keshamwambia mkewe Bashayer achague rangi ya gari. Nikamwambia, ewe Muhanna, mtu aliyekuosha makamasi unamnyima shimo? Akanambia nisipige kelele, watu wanasikia.

Ami alifariki Julai, baina ya adhuhuri na alasiri, kichwa chake pajani pangu. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Nifikishe." Nikamwahidi. Nilimwahidi huku najua kwamba sisi wanawake tunabaki nyumbani, wanaume ndio wanaokwenda kuzika. Jeneza lilipotolewa, Muhanna kashika mbele, kanzu nyeupe, uso umetulia. Nilipiga ukelele mlangoni, wampeleke kwa Yaarub. Wanaume wote wakatazama chini. Wakampeleka jangwani.

Usiku wa hitima ya kwanza, mke wa jirani yetu Loay alinivuta pembeni. Loay ndiye aliyeingia kaburini kumpokea ami. Ami alikuwa pande la mtu, mnajua, hata ugonjwa haukumpunguza. Loay alimwambia mkewe kwamba walipomteremsha alimpokea kwa mikono miwili akijikaza, akakaribia kuanguka kwa nyuma. Sanda ilikuwa haina uzito. Akaogopa kusema mbele za watu, akailaza, wakafukia.

Siku ya tano Saeed akapiga simu. Hakueleza. Aliniomba nije nitazame, na nije adhuhuri, kwa sababu ndiyo saa jambo lenyewe linapotokea. Nikaenda. Watu wa makaburi wangeniona wangenifukuza, lakini Julai saa saba mchana nani yuko nje? Barabara tupu. Jabali linawaka. Saeed alibaki langoni, akaninyooshea kidole.

Nikapita katikati ya mawe. Nikaliona tuta.

Lilikuwa limelowa.

Mvua hatukuiona tangu Machi. Tuta la Yaarub pembeni yake kavu, mchanga unaruka. Hili limelowa mpaka chini, kama kaburi lililofukiwa sasa hivi likamwagiwa maji. Nikainama nikaligusa. Baridi. Mchana ule, baridi. Na katikati limedidimia kidogo, vile kaburi linavyodidimia likiwa na mtu.

Hapo nikasikia watu wanaongea. Chini kwa chini. Kiswahili, cha kwetu Unguja. Sikushika neno hata moja, lakini yalikuwa mazungumzo ya watu wasio na haraka, huyu anasema, huyu anaguna. Mmoja akacheka. Nikasogeza mguu.

Wakanyamaza wote.

Sijui nilifikaje kwenye gari. Nilimpigia Muhanna nikamweleza kila kitu. Akanambia ni joto, nipumzike, na nikome kumtia aibu kazini. Wakati huo keshakuwa mkuu wa idara. Gari keshanunua, la rangi ya maziwa.

Februari mwaka uliofuata, yule mkubwa akafa. Ghafla, kwenye kiti chake. Jeneza likaja na watu wa maana watupu, magari yamejipanga mpaka barabarani, na Muhanna mbele yao anaonyesha njia. Saeed na wachimbaji wawili walikuwa wameanza kulifukua tuta lake pembeni ya Yaarub tangu asubuhi. Ulikuwa mchanga laini, kazi ya saa moja. Walipofika chini, wakatoka juu wote watatu wakaweka majembe.

Haya aliyenieleza ni Muhanna mwenyewe. Alikuja kwangu Hail alasiri ile ile, mkono wake wa kulia kauzungushia kilemba, kichwa wazi, jambo ambalo sijapata kuliona kwake tangu alipobaleghe. Alikaa chini sakafuni. Aliongea kwa kunong'ona, na nilikuwa namwambia aseme tena.

Anasema mwanandani ulikuwa umezibwa. Ule mwanandani alioukagua yeye mwenyewe siku ulipochongwa, ukiwa wazi, mtupu. Sasa umezibwa kwa mawe bapa, yamepangwa vizuri, na udongo wa maji umesiribwa kila upenyo. Udongo mbichi. Wachimbaji wakakataa kuugusa. Huku nyuma jeneza linasubiri juani, wakubwa wanatazama saa zao. Muhanna akaona aibu. Akavua viatu akashuka.

Alitoa jiwe moja. Ndani giza. Akakwangua udongo kwa kucha, na hapo ndipo alipoona kwamba alama za vidole vilivyousiriba zilikuwa upande wa pili wa jiwe. Upande wa ndani.

Mtu mwenye akili angetoka. Yeye akafikiria cheo chake. Akatia mkono kwenye upenyo, mpaka kwapani, kuhakikisha kwamba humo hamna kitu.

Akapokewa.

"Kama unapopewa mkono na mtu," alininong'oneza. "Hakunivuta. Kanishika tu, dada. Kiganja kipana. Kanishika mpaka nikaacha kutetemeka."

Nikamuuliza kama huyo mwenye mkono alisema kitu.

Akalia. Muhanna, ambaye hakulia kwenye msiba wa ami, alilia mpaka kamasi zikamtoka, na safari hii sikumpa kitambaa. Kisha akasema:

"Kanambia, 'Mwambie Mahfoudha nshafika.'"

Nilitoka nje uani nikakaa peke yangu na hofu yangu, na chini ya hofu ile kulikuwa na furaha ambayo sikuionea haya. Kule makaburini, Muhanna alipotoka shimoni, walifukia haraka haraka, na watu wa maana wakaambiwa kwamba mwamba umeporomoka. Mkubwa akapelekwa jangwani. Kaburi lililokuwa tayari siku ile lilikuwa la pili kutoka lile walimoifukia sanda ya ami, na humo ndimo alimolazwa, kwenye hewa na miti ya Muhanna.

Watu hunishauri nitake kaburi la jangwani lifunguliwe, ijulikane. Ijulikane nini? Kamati ile ilivunjwa mwaka huo huo, na yale matuta mengine matupu yakasawazishwa kimya kimya, wala hakuna aliyeulizwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, na leo ni mwaka 2007. Wote wamestaafu kwa heshima. Wanaalikwa kwenye sherehe.

Muhanna ndiye peke yake aliyebaki na kitu. Ule mkono wake wa kulia, tangu siku ile, unanuka karafuu maiti, ile wanayopakwa maiti kabla ya sanda. Sikuamini mpaka aliponikaribisha sikukuu, nikaipata harufu kabla sijaushika. Umesuguliwa kwa ndimu, kwa udi, kwa dawa za hospitali. Daktari alimwambia mkono hauna ila, kisha akafungua dirisha. Bashayer analala chumba chengine, na watoto hawali chakula alichokimega yeye.

Mwezi uliopita tulikutana harusini, ya mtoto wa Loay. Alipoingia ukumbini, wanaume waliokuwa wanacheka wakanyamaza meza baada ya meza, na mzee mmoja, asiyemjua hata, akainuka akaanza kuuliza kwa wasiwasi nani kafa. Muhanna akarudi nyuma akatoka peke yake. Nilipotoka na mimi, dereva wangu aliniuliza tumfuate yule ndugu yangu, anaonekana hayuko sawa. Nikamwambia mwache.