Mwanamke Asiye na Jina

Asubuhi ile posta ya Kindu ilijaa watu waliotaka kupiga simu Kinshasa. Kalonji alisimama katikati yao, suti ya abakosti ya kahawia imemkaa vizuri, kamera kubwa ya video begani.

"Sitwayeni, Kinshasa iko?" alimuuliza Hadidja, msichana wa mitambo ya simu, akimwita raia kama desturi ya siku zile.

"Kinshasa iko. Laini njo haiko."

Kalonji alicheka, akangoja mpaka mchana. Kufikia hapo Hadidja alikwisha kujua kwamba ametumwa na kampuni ya utalii kupiga picha za mto Lualaba na msitu.

"Wazungu wanatoka kwao mbali namna hii, wanatafuta nini?"

"Kitu ambacho hawajapata kukiona. Wao wenyewe hawakijui."

"Na weye?"

"Miye nilikuwa sikijui mpaka leo."

Hadidja aliinamia waya zake ili asimwone akitabasamu.

Tangu hapo Kalonji alipiga simu kutoka hotelini kila siku. "Posta, nipe Hadidja."

"Hadidja ana kazi."

"Basi nipe mwenye sauti hii." Jioni walivuka pamoja kwa mtumbwi mpaka Alunguli, kwa kina Hadidja, na mama yake akaanza kumwekea sahani.

Siku moja Kalonji alimpeleka Hadidja kwenye kijito msituni, njia ya Kailo. "Vua viatu, mupenzi. Na saa. Na kitambaa cha kichwa." Akampa nguo ya gome la mti.

"Ya nini hii?"

"Ni sanaa. Niamini tu."

Alimwamini. Alitembea majini huku ukungu ukimpita magotini, Kalonji akirudi nyuma taratibu na kamera yake, na Hadidja hakuwahi kujiona mzuri kama siku ile.

Kanda ilionyeshwa kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya wageni. Hadidja alifika amevaa kikwembe kipya cha kijani, viatu vya visigino na herini za dhahabu za bibi yake. Alipojiona kwenye televisheni, pumzi ilimkatika kwa furaha. Kisha ikasikika sauti ya Kalonji, kwa Kifaransa: "Mwanamke huyu hajawahi kuona mji. Hana jina."

Taa zilipowashwa, mzungu mmoja alimfuata Kalonji, macho yamemlowa. "Mwanamke yule anapatikana wapi? Maisha yangu yote nimetamani kukutana na mtu kama yeye."

Hadidja alikuwa amesimama palepale. Kalonji alimtazama, kisha akamgeukia mzungu.

"Ni mbali sana, Mesiye. Upande wa Obokote, ndani kabisa."

Mzungu alishusha pumzi, akamkabidhi Hadidja glasi yake tupu bila kumtazama, akaondoka.

Wiki nzima simu za Kalonji zilipokelewa na Onema, aliyefanya kazi naye posta. Mwishowe Kalonji akamvizia kwenye kivuko.

"Nisamehe, sheri. Nimekuja kukuoa. Nitaona baba yako kesho, na kama anataka niingie dini yenu, nitaingia."

"Ulimuambia niko mbali. Halafu nikashika glasi yake."

"Ningesema nini? Kwamba njo huyu wa posta? Kazi yote ingeharibika."

"Basi futa ile kanda."

Watu walishuka mtumbwini na mizigo yao, wakawapita.

"Haifutiki, Hadidja. Wanaisubiri Brusele. Miaka yote nimefanya matangazo ya mahoteli. Hii njo kitu cha kwanza kizuri nilichofanya."

"Ni kizuri," alisema. "Nimeona. Lakini yule muntu unayempenda, miye simujui."

"Ni weye."

"Hana jina, Kalonji. Utamuoa namna gani?"

Aliingia mtumbwini. Kalonji hakumfuata, alibaki kwenye mchanga mikono mifukoni, na Jumapili akapanda ndege ya Kinshasa.

Siku ile ya kivukoni Hadidja alilia mpaka ng'ambo, na mpiga kasia akajifanya haoni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kama Kalonji angesema tu, "Nitaifuta," hata kwa uongo, yeye angeshuka akarudi naye.